Mvua Moja na Shokapu za Njano

3 Machi, Jumatatu

Nimeamriwa kuandika, basi naandika. Nilipokuwa msichana mwenye siri sikuwahi kushika shajara. Sasa nina miaka arobaini na tisa, siri sina, ninalo gari tu. Aliyeniamuru ni binti ninayeweza kumzaa, fundi wa shokapu, na jina lake halisi silijui. Watu humwita Fundi Pole, kwa sababu kabla ya kufungua gari lolote hulibonyeza begani, akalisikiliza linavyopanda na kushuka, kisha akaliambia, "Pole." Gari ndilo linalopewa pole. Mwenye gari haambiwi kitu.

Gari langu ni la spoti, lina viti viwili na liko chini mno, hata Baba amelipa jina Kiatu. Anasema hulipandi, unalivaa. Nimelipata kwa akiba ya miaka kumi na moja ya kupima watu macho na kuwakatia miwani, na anayeona mwanamke wa umri wangu hana haja nalo, aje dukani nimpime. Tatizo ni shokapu. Zimechoka, zinavuja mafuta, na nikipita tuta gari linaendelea kuitikia kwa kichwa kama mtu anayesinzia mkutanoni.

Nilikwenda gereji nikijua ninachotaka. Rafuni kuna za kijivu, laini, za mtu wa kwenda sokoni na kurudi. Halafu kuna za njano, ngumu, springi imezizunguka mwili mzima, zile za mashindano. Mwezi wa sita klabu yetu inashindana kupanda mlima, na mwaka jana nilikuwa wa pili, nimepitwa kwa kufumba na kufumbua. Nikamwambia, "Nipe za njano."

"Siuzi rangi," akajibu. "Nani anapanda gari hili?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Na baba yangu, Jumanne na Ijumaa. Nampeleka mazoezi ya mguu hospitali."

Akanitazama kama anayetafuta mkwaruzo kwenye rangi. "Haya mama, chukua za njano, tembea nazo mvua yote. Lakini utaniandikia daftari. Kila safari: barabara gani, mvua ipo au haipo, nani kakaa wapi, kasema nini, gari limefanya nini. Mvua ikikatika niletee, ndipo nitakuambia kama ni zako au si zako."

"Na nisipoandika?"

"Ng'ambo ya barabara kuna mwenzangu. Yeye anauza rangi."

Nikaondoka na daftari. Ana kiburi, na mimi ninacho, tutaona nani atachoka.

4 Machi, Jumanne

Safari ya kwanza, bado na shokapu kuukuu. Barabara: matuta matatu mbele ya shule, mzunguko wa soko, kivuko cha reli chenye reli mbili, halafu kipande cha mawe mpaka geti la hospitali. Manyunyu. Aliyekaa kiti cha abiria: Baba.

Fundi, kwa kuwa unataka kujua nani kakaa wapi, mjue. Ana miaka sabini na minne. Mwezi wa kumi na moja alivunjika nyonga, kwa kupanda juu ya kigoda nilichomkataza mara mia. Wakampasua, wakamwekea chuma. Mfupa umeunga, ila mguu umesahau kazi. Mtaalamu wa viungo, mwanamume mfupi mwenye sauti ya mwanakwaya, hakuzungusha maneno. "Mzee, nipe wiki kumi na mbili, mara mbili kwa wiki, bila kukosa, utatembea na fimbo. Ukianza kukosakosa, misuli italala moja kwa moja, na kiti cha magurudumu ndicho kitakuwa miguu yako."

Teksi hataki kusikia. Aliendesha gari la wagonjwa miaka thelathini na moja, na anasema hawezi kubebwa na mtu anayeendesha huku anagombana na simu. Daftari zake za safari bado zipo kabatini. Kila safari ina mstari mmoja: tarehe, alikotoka, alikokwenda, na mwishoni neno moja, "Alilala" au "Hakulala." Mgonjwa akipata usingizi njiani, husema, dereva kafanya kazi yake. Mengine ni ya daktari.

Leo alizungumza njia nzima, juu ya mgonjwa mmoja aliyekataa kupanda mpaka mbuzi wake naye apakiwe. Tumefika geti bado anacheka. Hatua alizotembea kwenye vyuma vya kushikilia: saba.

6 Machi

Za njano zimefungwa. Lakini nataka kuandika kuhusu ile ya zamani.

Fundi Pole aliikata kwa msumeno mbele yangu, akamwaga mafuta meusi kwenye beseni, akatoa pistoni. Juu ya pistoni kulikuwa na visahani vya chuma vimepangwa, vyembamba kuliko lenzi yoyote niliyowahi kukata. Akavipepeta kwa kidole. "Springi ndiyo inayobeba gari," akasema. "Hii kazi yake ni kutuliza. Springi bila hii ni mtoto bila mlezi. Ikianza kuruka hainyamazi."

"Inatulizaje?"

"Gurudumu likipiga shimo, mafuta yanalazimishwa kupita kwenye vitundu hivi. Yanapita kwa shida, yanapata joto. Kishindo chote kinaishia kuwa joto. Ukitoka barabara mbaya, shika shokapu, utalikuta shimo lako humo."

Nimekaa na jambo hili jioni nzima. Miaka yote hii nilidhani shimo likipitwa limepitwa. Kumbe kuna kitu chini ya kiti kinalipokea, kinalimeza, na hakisemi. Nimepigwa na butwaa kama mtoto, na sioni haya kuliandika.

7 Machi, Ijumaa

Mvua ya kweli. Jamani, za njano. Mzunguko wa soko nimeupita gari limeshika barabara kama limegundishwa. Halikuinama, halikuyumba. Usukani unaniambia kila kitu mpaka kokoto. Nimecheka peke yangu kwa sauti.

"Unaionaje, Baba?"

"Gari tamu," akasema.

11 Machi

Mvua. Baba: gari tamu. Hatua nane.

14 Machi, Ijumaa

Mvua asubuhi, jua kidogo, mvua tena. Maji yamejaa kwenye mashimo, huwezi kujua lipi refu na lipi fupi. Mimi siwezi. Baba alifumba macho akawa ananitajia: "Kulia sasa. Liache hilo, fupi. Hapa kaa katikati." Hajaendesha barabara hii miaka tisa. Kila alilolitaja lilikuwepo. Nikamuuliza anajuaje, akasema mashimo ni kama watu wa mtaa mmoja, wanazeeka lakini hawahami.

Alianza kunihadithia dereva mwenzake aliyeogopa damu. Tulipofika reli akaishia katikati ya sentensi. Kwenye geti la hospitali akaendelea pale pale alipoachia. Uzee huo. Hatua tisa.

18 Machi

Mvua. Gari tamu. Hatua tisa.

21 Machi, Ijumaa

Baba kasema hajisikii vizuri. Hatukwenda. Nilikwenda peke yangu mpaka barabara ya mlimani kujaribu kona. Sijawahi kuendesha hivi maishani.

25 Machi

Mvua kubwa. Gari tamu. Hatua saba. Mtaalamu anasema misuli imekaza kama kamba ya kisima, anauliza kama mzee anafanya mazoezi nyumbani. Anafanya. Namwona.

28 Machi, Ijumaa

Hatukwenda. Sababu: eti mvua. Mtu aliyevuka mafuriko na wajawazito nyuma ya gari leo anaogopa kulowa.

1 Aprili

Tumegombana. Aliamka akasema leo tena apumzike. Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye guu limeshavunjika, sasa anangoja nini. Akacheka. Akavaa. Njiani nilikuwa na hasira, nikakanyaga mafuta. Reli nimezipita kwa kasi na Kiatu hakikuyumba hata kidogo. Ni kitu cha ajabu.

"Gari tamu, mwanangu," akasema tulipofika, na akakaa dakika mbili kabla ya kufungua mlango. Hatua sita.

4 Aprili

Hatukwenda.

8 Aprili, Jumanne

Hatua nne.

Mtaalamu aliniita kando. Ile sauti yake ya kwaya ilikuwa imeshuka. "Dada, tulikuwa tisa. Sasa tuko nne. Mwezi huu ukiisha hivi, nitaandika kiti cha magurudumu. Siandiki kumtisha. Kitatakiwa."

Baba alikuwa kwenye benchi anafunga kamba za viatu. Zilimchukua muda mrefu mno.

9 Aprili

Mdogo wangu kapiga simu kutoka kwake mbali. Nimemweleza. Akauliza, "Baba mwenyewe anasemaje?" Nikamwambia hasemi kitu, anasema gari tamu. Akasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikamwambia methali ni rahisi kwa mtu anayekaa safari ya siku mbili.

12 Aprili, Jumamosi

Dukani. Kaja mama mmoja mshonaji, kasoma chati yote ya herufi mpaka mstari wa chini bila kukosea, haraka haraka. Haraka hiyo ndiyo iliyomfichua. Nikageuza chati upande wa pili, wenye herufi nyingine, naye akazisoma zile zile za kwanza. Alikuwa amezikariri akiwa amekaa kwenye foleni, masikini, kwa sababu anaogopa akionekana haoni atanyimwa kazi.

Watu hudanganya wakipimwa. Hawataki kukuangusha, wanataka kufaulu. Ndiyo maana mimi siulizi "Unaona vizuri?" Naweka lenzi mbili, moja baada ya nyingine: "Hii au hii?" Hapo uongo haupati pa kukaa. Nimekaa kwenye kazi hii miaka ishirini na moja, na hakuna aliyenipita. Mwenye macho haambiwi tazama.

15 Aprili, Jumanne

Nina hofu leo.

Nilimkuta kitandani amevaa kila kitu, shati, suruali, soksi, amekaa na viatu mkononi. Nikadhani ananisubiri. Akasema bila kuniangalia, "Leo niache, mwanangu. Na Ijumaa niache. Nimetembea miaka sabini na minne, inatosha."

Nikamwambia haitoshi. Nikasema maneno mengi, mengine sitayaandika. Akasikiliza yote. Mtu ambaye hajawahi kushindwa kunijibu alisikiliza yote, kisha akaviweka viatu chini ya kitanda, vimepangwa sawasawa, kisigino kwa kisigino.

Sielewi. Anayetaka kukata tamaa havai soksi. Mwezi mmoja uliopita alikuwa ananitajia mashimo akiwa amefumba macho, sasa anaweka viatu uvunguni kama vya marehemu. Nilikaa jikoni nikalia. Niliogopa kwamba hivi ndivyo mzazi anavyoanza kuondoka, na mimi nipo tu naangalia.

16 Aprili

Nilikwenda kwa Fundi Pole kuacha daftari. Nikamwambia mvua haijakatika lakini mimi nimekatika, za njano nazichukua, tumalizane. Akafuta mikono, akalipokea daftari, akalisoma akiwa amesimama. Akalisoma lote. Wateja wawili walikuja wakaambiwa wasubiri. Akarudi mwanzo, akasoma tena, akiweka kidole chenye grisi pembeni ya mistari. Nikaona haya, maana nimemwita mwenye kiburi humo ndani.

Akauliza, "Kati ya reli na geti la hospitali kuna nini?"

"Mawe. Nimeandika."

"Tarehe nne alicheka mpaka getini. Shokapu mbovu. Tarehe kumi na nne alinyamaza relini, akarudi kuzungumza getini. Tangu siku ile hujaandika hadithi yake hata moja. Umeandika gari tamu." Akafunga daftari. "Umewahi kukaa kiti chake?"

Sijawahi. Ni gari langu, nikae kiti cha abiria nifanye nini?

Akachukua funguo. Tukaenda njia ile ile, yeye akiendesha kwa mwendo wangu, maana mwendo wangu nao nimeuandika. Matuta ya shule yalinigonga kiunoni. Nikasema moyoni, si mbaya. Mzunguko wa soko ulinitupa mlangoni, na hakukuwa na usukani wa kushikilia. Halafu reli. Reli ya kwanza iliingia chini ya paja, ikapanda kwenye nyonga, na kabla haijatoka ya pili ikaifuata. Meno yaligongana. Na mimi sina chuma mwilini. Kisha mawe, yote, moja moja, mpaka getini. Nilijaribu kusema "punguza" nikashindwa. Ukiumia hivyo pumzi haikubali kutoka na neno.

Akasimamisha gari. "Dereva analiona shimo kabla halijamfika, anajiandaa," akasema. "Abiria analipokea tu. Na viti hivi vimekaa karibu kabisa na magurudumu ya nyuma. Shokapu hizi ni nzuri, mama. Zinashika barabara kwa sababu hazikubali kumeza kitu. Kila zilichokataa kumeza, kuna mtu alikimeza."

Nilitazama mbele. Sikuweza kumtazama. Yote niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, na kalamu nilinunua mpya.

Akaweka mkono begani kwangu, akabonyeza kidogo.

"Pole," akasema.

17 Aprili

Nimeongea na Baba. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake, na nilimwambia tu kwamba jana nilikaa kiti chake.

Akaniuliza, "Ulifika mpaka getini?"

"Nilifika."

"Basi unajua."

"Kwa nini hukusema, Baba? Wiki sita. Ulikuwa unakufa na tai shingoni, mimi naandika gari tamu."

Akaanza kuikunjua na kuikunja leso yake. "Ulikuwa unacheka. Tangu mama yako atutoke sijakusikia ukicheka peke yako vile." Halafu akasema lililo kubwa zaidi. "Na tena mimi ni dereva. Miaka thelathini na moja nimesikia watu wakilia nyuma yangu. Ukimsikia mtu analia, mkono unatetemeka, unakosea, unawaumiza wote. Wale waliojikaza ndio walionisaidia kuendesha. Nikasema zamu yangu ikifika, nitajikaza kisabuni, nimsaidie dereva wangu."

Watu wangapi walilala nyuma ya gari lake kwa sababu mkono wake haukutetemeka, na wangapi walinyamaza kwa ajili yake bila yeye kujua. Nimeishi na mtu huyu miaka arobaini na tisa, nikadhani namwona.

Nilimwambia, "Baba, ukinidanganya tena nitakuvisha miwani ya bibi harusi, ile ya vito, uende nayo hospitali."

Akacheka mpaka akashika nyonga.

19 Aprili, Jumamosi

Siku hii naiandika taratibu.

Fundi Pole alikuja nyumbani mwenyewe, na shokapu za aina ya tatu, ambazo hazikuwa rafuni. Hazina rangi ya kujisifia, nyeusi tu. Juu ya kila moja kuna kirungu kidogo cha kuzungusha, na kila hatua kinalia tik. Kulia inakaza, kushoto inalegeza, hatua ishirini na nne. Alizifunga hapo hapo uani, chini ya turubai, mvua ikinyesha. Akabonyeza gari begani. Halikurukaruka. Lilishuka, likapanda, likatulia mara moja. Kwa mara ya kwanza hakuliambia pole.

Kwa kuwa viti ni viwili, yeye alitangulia kwa miguu mpaka relini, akasimama na mwavuli na kijitabu cha kuandikia karibu na kibanda cha mlinzi wa kivuko. Mimi na Baba tukavuka, tukarudi, tukasimama. Akainama dirishani. "Shikamoo mzee. Ilikuwaje?"

"Marahaba. Tamu," akasema Baba.

Akazungusha virungu, tik tik tik tik, tukavuka tena. "Na hiyo?"

"Tamu vilevile."

Nikazima gari. "Baba," nikamwambia, "chati nimeigeuza. Hakuna kufaulu hapa. Hii au hii?"

Akanitazama. Akatazama reli. Akafumba macho kama siku ile ya mashimo, akaweka viganja juu ya mapaja. "Rudia ya kwanza," akasema. Tukarudia. "Sasa ya pili." Tukavuka. Mlinzi wa kivuko alitoka kibandani kuangalia vichaa.

"Ya pili," Baba akasema. "Lakini bado."

"Bado nini, mzee?"

"Mbele iko sawa. Nyuma inashuka vizuri, ila inachelewa kurudi. Reli ya pili inaikuta bado iko chini, ndiyo maana inagonga. Ipe wepesi wa kurudi. Tiki mbili, si tatu."

Fundi Pole aliacha kuandika. Maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye mwavuli mpaka mgongoni na hakuhisi. Yeye hupima hilo kwa mashine, aliniambia baadaye, na wapo mafundi wanaoifanya kazi hii maisha yao yote bila kulihisi mwilini. Alizungusha tiki mbili, kimya kimya, kwa adabu, kama anayemwekea mtu mto kichwani.

Tukavuka. Gurudumu liliiona reli ya kwanza, likashuka, likarudi, likaikuta ya pili limeshajiandaa. Nilizihisi zote mbili kwenye usukani, lakini kama mtu anayebisha hodi, si anayevunja mlango. Nikageuka kumtazama Baba. Alikuwa anasema.

Alikuwa anasema, juu ya reli, katikati ya reli zote mbili. Yule dereva mwenzake aliyeogopa damu. Alikuwa ameirudia ile sentensi aliyoikatisha mwezi mmoja uliopita, na aliimaliza kwenye mawe, na kumbe dereva yule siku moja alizimia yeye, mgonjwa ndiye akashuka kumpepea. Nikacheka mpaka nikalia.

Baada ya kurudi, fundi alimweleza Baba mashimo yanavyogeuka joto, akatutaka tushike shokapu ya nyuma. Baba aliinama kwa shida, akaishika kwa mkono mzima. Ilikuwa ya moto.

"Haya ndiyo ya kwangu," akasema.

Za njano zimerudi rafuni. Nilizisindikiza kwa macho, sitasema uongo.

22 Aprili

Mvua. Hatua tano. Alilalamika juu ya mwendo wangu kwenye mzunguko. Nilifurahi mno.

25 Aprili

Hatua tisa. Kasema kiti kinabana, kioo kina ukungu, na nafunga breki kama ninayeua nyoka. Amefunguka kama bomba.

2 Mei

Mvua imepungua. Hatua kumi na nne. Mtaalamu kaniuliza nimempa nini. Nikamwambia tiki mbili. Hakuelewa, na sikumweleza, maana Baba alishaanza kumweleza.

9 Mei

Hatua ishirini na tatu, na fimbo moja.

14 Mei

Mama mshonaji amekuja kuchukua miwani yake. Aliivaa, akatazama kiganja chake mbele na nyuma kwa muda mrefu. Nilimwekea kiti, nikakaa naye. Zamani ningemwita mteja anayefuata.

20 Mei

Manyunyu tu. Baba kaenda bafuni na kurudi bila kuniita.

27 Mei, Jumanne

Mvua imekatika. Barabara imekauka, vumbi la kwanza limeanza kuonekana kwenye boneti. Mtaalamu aliongeza wiki mbili kwa zile tulizokosa, lakini kiti cha magurudumu hakuandika.

Fundi, daftari lako nakuletea kesho. Mashindano ya mlima ni Jumamosi ya pili. Itabidi nizungushe virungu tiki kumi na mbili kulia, kisha nizirudishe, na nimeziandika mahali nisisahau kuzirudisha. Nikisahau kuzikaza, nitakuwa wa mwisho na nitafika mgongo wangu ukiwa mzima.

Leo Baba alitoka mlangoni kwa miguu yake, na fimbo, mpaka kwenye gari. Hatua thelathini na moja. Sikumshika. Alikaa, akafunga mlango, akasema, "Haya, twende, dereva." Kwenye matuta ya shule alikuwa analaumu serikali ya mtaa. Kwenye mzunguko wa soko alikuwa bado anailaumu. Tulipofika relini akanyamaza.

Nikaondoa mguu kwenye mafuta, nikahesabu tiki kichwani, nikasema shokapu zimekufa, nimemuumiza tena, amejikaza tena. Nikageuka.

Kichwa kilikuwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea juu ya mapaja.

Sikumwamsha. Nilifika geti la hospitali, nikalipita, nikazunguka mtaa mzima taratibu, nikarudi nikazivuka reli mara ya pili, kwenda na kurudi, na mawe yote. Tumechelewa mazoezi kwa dakika ishirini na mtaalamu kanigombeza kwa sauti yake yote. Jioni nilifungua kabati, nikatoa daftari la mwisho la Baba, nikaangalia mistari yake ilivyopangwa, nisije nikakosea namna ya kuandika.

Jumanne, asubuhi. Kutoka nyumbani kwenda hospitali. Barabara kavu. Reli zote mbili, mara tatu. Abiria mmoja.

Alilala.